Ndugu Watano wa Mzee Wendell

Sanduku lilikuwa limebonyea pembe moja, na nafikiri hiyo ndiyo sababu ya kurudishwa. Kazi yangu hapa Columbus ni hiyo: vitu ambavyo watu wamenunua halafu wakavikataa vinarudi kwetu ghalani, mimi navifungua, naangalia kama vimevunjika au ni mtu tu amebadili mawazo, kisha naviweka mahali pake. Viatu, taa, sufuria, hata magauni ya harusi. Siku hiyo nikakata gundi ya sanduku, ikatoka harufu ya karatasi mpya, na wanaume watano wenye ndevu wakaniangalia usoni bila kucheka. Kabla sijafikiri chochote, mdomo wangu ukasema, "Poleni."

Otieno, Mkenya anayesimama mkono wangu wa kushoto, akachomoa kitu chake cha sikioni. "Wewe, unapatia nani pole?"

"Hawa."

Akachungulia jalada. "Hawa? Aki wewe! Hii ni bendi ya kitambo, ya rock, ya huko kusini. Jirani yetu pale Westerville anawapenda vibaya sana. Hiyo ndiyo albamu yao ya mwanzo mwanzo, sasa wameitoa tena. Santuri mpya, sauti imesafishwa, na picha zingine ndani. Pole ya nini?"

Nikacheka mpaka msimamizi akageuka kutuangalia. Ningemwelezaje Otieno, mashine zikipiga kelele namna ile, kwamba watu hawa watano niliwalilia nikiwa mtoto? Kwamba Mama yangu aliwapikia sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu?

Tulipoingia Amerika tulifikia Louisville, wakati wa baridi, tukapewa nyumba ndogo ya mbao yenye ngazi za mbele zilizolegea. Papa alipata kazi ya kiwandani haraka, ya usiku, kwa hiyo mchana alikuwa ni mlango uliofungwa na sauti ya kukoroma. Mimi nilipelekwa shule. Mama akabaki na nyumba.

Ni lazima niwaambie Mama alikuwa mtu gani kabla ya hapo, la sivyo hamtaelewa nilichokuwa nakiogopa. Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako ndiko nilikozaliwa, Mama alikuwa mtu wa njia. Mtu akifiwa upande wowote wa kambi, Mama alijua kabla wenye kilio hawajamaliza kupiga kelele. Alijifunga kitenge cha pili kiunoni, akabeba sufuria kichwani, akaenda. Alikuwa anajua kukaa na watu. Hakusema maneno mengi, alikaa tu chini kwenye mkeka, mkono shavuni, na wafiwa walikuwa wakitulia kama watoto waliobebwa. Nilimfuata nyuma nikishika ncha ya kitenge chake, na nilijiona mtoto wa mtu mkubwa.

Louisville ikamfunga. Kwanza alipanda basi akapotea, akarudishwa nyumbani na polisi mpole aliyekuwa anatabasamu, lakini polisi ni polisi, na Mama alikuwa na kumbukumbu zake za watu wenye bunduki. Baada ya hapo hakutoka tena peke yake. Jumapili tulipitiwa na gari la Mama Neema, mama mmoja wa kanisa letu, tukaenda kusali, tukarudishwa. Siku nyingine zote Mama alikaa kwenye kiti cha jikoni karibu na dirisha, pazia amelifungua kidogo tu, upana wa jicho. Nikirudi shule nilimkuta palepale. Mlango ukigongwa, alisema kwa sauti ya chini, "Riziki, nenda weye." Ninyi mliokuja wadogo kama mimi mnaijua kazi hiyo ya kuwa mdomo wa wazazi. Dukani, kwa daktari, kwa mtu wa umeme, mimi ndiye niliyeongea. Sikuchoka nayo. Kilichonichoma ni kwamba Mama alikuwa anapungua. Kila siku nilimwona amekuwa mdogo kidogo ndani ya kile kiti, na niliamini kabisa, kwa akili yangu ya mtoto, kwamba siku moja nitarudi nikute kitenge kitupu.

Ng'ambo ya barabara alikaa Mzee Wendell. Hakuwa mzee sana, sasa ndiyo naona, lakini alikuwa na ndevu za kijivu zilizofika kifuani, na kwetu mwenye ndevu hizo humwiti jina tupu. Alikuwa na gari la mizigo lenye kutu na mbwa mnene aitwaye Biskuti. Mimi nilianza kuvuka kwa ajili ya Biskuti. Mzee Wendell aliniruhusu nimkune masikio pale kibarazani, huku mlango wake wa mbao ukiwa wazi na ule wa wavu tu umefungwa. Kupitia ule wavu ndipo nilipowaona.

Palikuwa na meza ndogo ukutani. Juu yake kitambaa cheupe cha kufuma. Juu ya kitambaa, maua ya plastiki. Katikati ya maua, picha kubwa ya mraba, imesimamishwa, ya wanaume watano mbele ya ukuta wa matofali. Ndevu zao kama za Mzee Wendell, nywele mabegani, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Kwetu, picha ya mtu aliye hai inatundikwa juu ukutani. Ya aliyekufa ndiyo inayoshushwa. Inakuzwa, inawekwa mezani juu ya kitambaa cheupe, na maua ya plastiki pembeni, ili wale waliokaa chini kwenye mikeka wamwone usoni. Nilikuwa nimeona meza hizo nyingi kuliko nilivyoona keki. Sikuwa na haja ya kuuliza mtu. Na kama ningekuwa na mashaka, yaliisha jioni iliyofuata: Mzee Wendell alirudi kutoka kazini, akasimama mbele ya ile meza, akavua kofia.

Nilivuka barabara nikilia kweli kweli.

"Mama, yule mzee wa mbwa amefiwa."

Mama akainua kichwa. "Na nani?"

"Na ndugu zake. Wote watano. Picha iko mezani."

"Batano?" Akashika kifua. "Batano mara moja? Ni nini, ni gari?"

"Sijui. Wako kwenye picha moja."

"Basi ni gari," akasema Mama. "Ee Yesu. Na hakuna mutu ameingia pale. Miye niko hapa dirishani kila siku, sijaona hata mutu mumoja ameingia kwake."

Hapo nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu kambini. Mama alisimama, akachukua kitenge cha pili, akakifunga kiunoni, akakaza.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Alipika tangu asubuhi. Sombe ya kwenye friji, ambayo Mama Neema alituletea kutoka duka la Waafrika, ilichemka na mafuta ya mawese mpaka madirisha yakatoka jasho. Papa akaamka kwa harufu, akaja jikoni akikuna tumbo.

"Tunapata wageni?"

"Tunaenda kilio kwa jirani."

Papa akamwangalia kama mtu anayeongea usingizini. "Mama Riziki, sikiliza. Hapa haiko kambini. Hapa mutu haendi kwa mutu bila kupiga telefone."

"Mutu amepoteza ndugu batano, na weye unataka nimupigie telefone? Nimwambie nini? 'Allô, uko na kilio, nikuje saa ngapi?'"

"Bon," Papa akasema, akarudi kulala. Alikuwa anajua wakati wa kushindwa.

Mama Neema akaja na sufuria ya wali, na mkeka. Tukavuka watatu. Nakumbuka Mama alisimama kidogo kwenye ukingo wa barabara, akaangalia lami kama maji ya mto asiyojua kina chake. Nikamshika ncha ya kitenge. Kisha akakanyaga.

Mzee Wendell alifungua mlango akiwa na soksi na bakuli la nafaka. Sijui aliona nini: wanawake wawili wenye vilemba na vyombo vinavyotoa mvuke, na yule mtoto anayekuja kucheza na mbwa wake. Mama hakungoja kukaribishwa, maana kwenye kilio hakuna kukaribishwa. Alivua viatu mlangoni, akaingia moja kwa moja mpaka mbele ya ile meza, akainamisha kichwa, akakaa chini. Mama Neema akatandika mkeka, akaanza wimbo wa pole, kwa sauti ya puani. Biskuti akaja kulala katikati yao kana kwamba alikuwa ameagiza mambo yote hayo.

Mzee Wendell alizima televisheni. Hilo mpaka leo nampenda nalo: hakuelewa kitu, lakini alizima televisheni. Alisimama, akaangalia huku na huku, halafu na yeye akajishusha chini kwenye zulia, magoti yakilia. Mama akampakulia. Akala. Alikula sombe bila kuuliza ni nini, na wimbo ukaendelea, na nikamwona Mama mkono shavuni, mabega yameshuka, uso umetulia, Mama yangu mwenyewe, yule wa kambini. Nilitaka tusitoke tena humo.

Wimbo ulipoisha Mzee Wendell akaniinamia. "Mtoto mzuri, niulizie mama yako nimefanya nini nikastahili haya."

Nikamjibu kwa adabu yote niliyofundishwa shule: tunasikitika sana kwa ajili ya ndugu zako.

"Ndugu zangu gani?"

Nikanyoosha kidole.

Aliangalia picha. Akaniangalia mimi. "Hao? Hao ni bendi. Ni jalada la santuri. Wanapiga muziki, mpenzi."

Sikutafsiri. Niliufunga mdomo wangu kwa meno. Lakini Mama Neema alikuwa amekaa Amerika zaidi yetu, neno la bendi alilijua, na macho yake yalitoka kama ya samaki. "Yoo! Mama Riziki! Ni orchestre! Tumelilia orchestre!" Akaanguka ubavu kwenye mkeka akicheka, kilemba kikaenda upande wake.

Mama hakucheka. Alisimama polepole, akajipangusa magoti, akasema "Pardon" kwa Mzee Wendell, akatoka. Sufuria aliiacha palepale.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko mwanzo. Pazia sasa lilifungwa kabisa, hata upana wa jicho haukubaki. Jumapili Mama alisema kichwa kinamuuma, hakwenda kusali, na sote tulijua ni kwa nini: Mama Neema alikuwa mtu mwenye moyo mzuri lakini hadithi haikuweza kulala tumboni mwake. Papa mjinga akajaribu kumchekesha. "Bon, kesho tunaenda kulia nani? Kuna mutu kwenye sanduku la sabuni anaonekana mgonjwa." Mama akamwangalia mpaka akaenda kazini kabla ya wakati. Nami usiku nililala nikiwachukia wale watu watano. Niliona kama ni wao waliomtoa Mama nje makusudi, wapate kumrudisha ndani kwa nguvu.

Ndipo Mzee Wendell akavuka. Nilikuwa nimetoka shule, nikamwona kwenye ngazi zetu zilizolegea, sufuria yetu mikononi, nywele amezichana kwa maji.

"Mwambie aweke chini aende," Mama akasema kutoka jikoni.

Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Mwambie nina neno. Nitalisemea hapahapa mlangoni."

Akalisema, na mimi nikawa nalipeleka jikoni kipande kipande. Kwamba ni kweli hakuna aliyekufa. Kwamba santuri ile ilikuwa ya mke wake, waliicheza sebuleni mle walipooana. Kwamba mke alipoondoka alichukua vitu vyake, akachukua na santuri, lakini katika haraka akachukua sahani ya santuri peke yake, jalada likabaki tupu. Kitambaa ni cha mke. Maua ni ya mke. Yeye alivikusanya tu mahali pamoja kwa kuwa hakujua aviweke wapi. Na kofia? Alivua kofia pale, akasema, kwa sababu msumari wa kofia uko pale.

"Mke akifa," akasema, akiangalia sufuria, "watu wanaleta chakula. Mke akiondoka hakuna anayeleta kitu. Kazini walinitania wiki moja, ikaisha. Mama yako ndiye mtu wa kwanza kuja kukaa na mimi. Mwambie hakukosea nyumba."

Hilo la mwisho nililitafsiri vizuri sana. Nililisema mara mbili.

Kisha Mama: "Muulize, huyo bibi alienda wapi?"

"Florida."

"Anakula?"

Mzee Wendell akafikiri. "Anakula vizuri sana, nasikia."

Nikampelekea Mama. Nikasikia kiti kikisogea. Mama akatokea mlangoni, mikono kiunoni, akamwangalia yule mzee juu mpaka chini, na akaniambia, "Mwambie mutu mwenye kushiba Florida haliliwi. Avunje kilio. Aondoe ile meza."

Nikamwambia. Mzee Wendell alicheka kwanza kwa pua, halafu kwa kifua, halafu ikabidi ashike ukuta. Na Mama, kwa kumwona anacheka, naye akashindwa kujizuia.

Akapokea sufuria. Ilikuwa nzito, Mzee Wendell hakuirudisha tupu. Alikuwa amepika maharagwe mabichi na nyama ya nguruwe, namna ya kwao. Mama akafunua, akachota kwa kidole, akaonja, akafunga macho.

"Riziki. Usimwambie hii. Lakini kumbe kilio kiko kweli. Haya maharagwe yamekufa."

Siku za baadaye nilimuuliza Mzee Wendell wale watu huimbaje, kwa kuwa sahani haikuwepo. Akajaribu kunionyesha, akapiga mapaja, akatoa sauti kama trekta linalokataa kuwaka. Sikuelewa kitu. Kwa hiyo miaka yote niliwatungia muziki mwenyewe kichwani, na kwa kuwa nilianza nao kwenye kilio, niliwatungia nyimbo za polepole, za puani, kama ya Mama Neema. Papa alipopata kazi Columbus tukahama nao hivyohivyo kichwani mwangu, wakiimba pole.

Wakati wa mapumziko Otieno akawatafuta kwenye simu yake, akanipa kitu kimoja cha sikioni. Jamani! Magitaa yalikuwa yanagombana kama watoto wa mama mmoja. Ngoma inakimbia, mtu mmoja anapiga kelele za furaha, na katikati ya wimbo wote wanaacha halafu wanaanguka pamoja tena. Na katika kile kijitabu cha picha kilichowekwa ndani ya toleo jipya, kuna picha nyingine za siku ileile, ukuta uleule wa matofali: mmoja anakula mkate, mmoja ameanguka chini, na wote watano wamefungua midomo wanacheka. Mimi niliwahurumia watu hawa utoto wangu mzima.

Nikampigia Mama. Siku hizi anaishi Buffalo, mtaa wa Riverside, na kaka yangu mdogo aliyezaliwa Louisville.

"Mama, wale ndugu watano wa Mzee Wendell, wametoka tena."

"Wamefufuka?"

"Albamu yao, Mama. Wameitoa upya."

Akacheka sana. Nyuma yake nilisikia honi na kaka yangu akilalamika kwa Kiingereza; walikuwa njiani kwenda mtaa wa Kensington-Bailey, kwa familia moja ya Warundi waliofiwa, na Mama ndiye aliyekuwa anaendesha. Nikamuuliza kama anajua habari za Mzee Wendell. Walikuwa wakipigiana simu, kisha namba yake ikaacha kuita.

"Sijui," akasema, na sauti ikashuka. "Sijasikia kitu. Na siwezi kulilia mutu kwa habari ya mutoto mara ya pili. Kwangu iko hai mpaka nione."

Baada ya kukata simu niliendelea kufungua masanduku, lakini mikono tu ndiyo iliyokuwa Columbus. Mimi nilikuwa nimerudi kwenye siku moja, majani ya Louisville yameanza kutoka. Nimeshuka kwenye basi la shule pembeni ya barabara yetu, na ninamwona Mama ametoka nje. Amebeba mfuko wa sombe kifuani. Anasimama ukingoni, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anaangalia kushoto tena. Mimi nikakaza mikanda ya begi, nikajisafisha koo, nikapanga Kiingereza changu chote mdomoni, nikingoja jina langu.

Hakuniita. Alivuka, akapanda ngazi, akasukuma mlango wa wavu kwa kiwiko kama mwenye nyumba. Nikakimbia nikafika kibarazani, nikasimama. Ndani alikuwa anamfokea Mzee Wendell kwa Kiswahili kwamba sombe haioshwi namna hiyo, na Mzee Wendell anabisha kwa Kiingereza, wote wawili kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenzake. Nikakaa kwenye ngazi na begi langu mgongoni, sina kazi. Baada ya muda nikaokota kokoto, nikaanza kucheza.